Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kozi, kazi, na ile Siku ya Vyuo tuliyoifuta

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, walimu wetu, na nyie vijana mliomaliza vyuo mkabaki kutusaidia, nawasalimu wote. Taarifa hii ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu lakini mnajua kilichotokea, chama chetu cha kuwashauri wanafunzi kuhusu kozi na kazi kina wanachama 186 tukajikuta ukumbini watu 23, akidi hakuna, katibu akafunga daftari tukaondoka. Kwa hiyo naiweka hapa yote kwa maandishi, kila mtu aisome kwa nafasi yake, asije mtu baadae akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida napita haraka kwa sababu mlikuwepo au mlisikia. Semina za kujaza fomu za maombi zilifanyika, darasa la kuandika wasifu na barua ya kazi lilifanyika, mazoezi ya usaili yalifanyika, ushauri wa Jumamosi uliendelea mwaka mzima. Wanafunzi waliopita mikononi mwetu ni 212, kati yao 140 wako mwaka wa mwisho wa sekondari na 72 wako vyuoni tayari, mitaala ya kozi tuliyokusanya imefika 48, na wanafunzi 63 walienda kukaa na watu wa kazi sehemu 11. Mahesabu ya fedha anayo mweka hazina, atayatoa.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua ndo mnalisubiri, Siku ya Vyuo, ile siku ya vyuo kuja kuweka meza na kuongea na wanafunzi wetu, ambayo tuliifuta. Imesemwa mengi, meseji nimezisoma zote hata zile ambazo hazikuandikwa ili mimi nizione. Yanayosemwa ni matatu: kwamba niliamua peke yangu, kwamba nilifukuza mfadhili, na kwamba watoto wamenyimwa nafasi ya kukutana na vyuo. Nitajibu moja moja.

Kuamua peke yangu. Katiba yetu ibara ya 9 inampa mwenyekiti pamoja na viongozi wengine wawili mamlaka ya kuamua jambo la dharura kamati isipopatikana. Niliitisha kamati, wajumbe hawakutokea, nikaitisha tena wakaja wanne kati ya tisa. Tarehe inakaribia, ukumbi unataka jibu, sasa nyie mlitaka nifanyeje? Nilikaa na katibu na mweka hazina tukaamua, muhtasari upo na sahihi zetu zipo. Aliyetaka sauti yake isikike siku ile, kiti chake kilikuwepo.

La mfadhili. Ni kweli chuo kimoja, sitakitaja, kiliahidi kugharamia shughuli yote. Lakini barua ya masharti wengi hamkuisoma, mimi niliisoma mpaka mwisho. Walitaka bango lao peke yao mbele, walitaka nusu saa jukwaani bila maswali, na walitaka tuwape orodha ya wanafunzi wote, majina, namba za simu na alama za mitihani. Alama za watoto wa watu! Hapo nilisema hapana na leo nasema hapana. Mzazi alipotuletea mtoto alitupa taarifa zake ili tumshauri, hakutupa bidhaa ya kubadilishana na mahema na viti.

Na hili la tatu ndo zito zaidi, kwamba watoto wamenyimwa vyuo. Jamani tukumbuke Siku ya Vyuo yenyewe ilivyokuwa. Meza 14, kila meza ina kalamu na mfuko na kipeperushi chenye picha ya vijana wanacheka kwenye nyasi. Mwaka juzi nilisimama pembeni nikamsikiliza binti mmoja anauliza swali la maana kabisa, kama kozi ile ya uhandisi imepata ithibati ya bodi ya wahandisi, yule aliyekaa mezani akamwambia "hilo utalijua ukishajiunga" akampa kalamu. Hakuwa mwalimu wa chuo wala mwanafunzi wa chuo. Inajulikana dunia nzima kwamba vyuo vingi vinatumia mawakala wanaolipwa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa, sasa mtu wa namna hiyo atamwambia mtoto wako kwamba kozi ile haimfai? Atapata nini akimwambia hivo?

Mwanachama mmoja aliyesoma sana alinitumia vile vigezo nane vya taasisi ya Gatsby vya ushauri mzuri wa kazi mashuleni, vilivyotoka Uingereza 2014, akaniambia mwenyekiti soma hapa, kukutana na vyuo ni kigezo kimojawapo. Nilishavisoma. Vinasema mwanafunzi anayefikiria chuo kikuu, mpaka afike miaka 18, awe ametembelea vyuo angalau viwili akakutana na wanaofundisha na wanaosoma pale. Kutembelea, sio kutembelewa na wakala. Na vigezo hivohivo vinasema kabla ya miaka 16 mtoto awe ameshaonja sehemu ya kazi angalau mara moja, na mara nyingine tena kabla ya 18. Hili la pili sisi tulikuwa hatulifanyi kabisa tangu chama kianze, na wazo la kulianza nililileta mimi, nasema kwa sababu wapo wanaolisimulia sasa kama lao.

Wala sio jambo geni. Herman Schneider alianzisha mpango wa kupishanisha darasa na kazi pale Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, wanafunzi wa uhandisi wanasoma kipindi fulani kisha wanaingia kiwandani. Sisi mwaka huu tumefanya kitu kidogo sana ukilinganisha, kumpeleka kijana akae na mtu wa kazi, aone siku inavyoanza na inavyoisha, basi. Lakini matokeo mnayaona.

Niwape mfano mmoja niliouona kwa macho. Kijana wetu mmoja alikuwa anasema udaktari tu, hataki kusikia kingine, tukampeleka maabara ya hospitali. Nilipopita kumwangalia nilimkuta kasimama nyuma ya fundi maabara, mbele yao kuna trei ya vichupa vya damu vinasubiri kuingia kwenye ile mashine ya kuzungusha. Fundi anachukua kichupa, anasoma lebo, anasoma fomu, anaweka. Kimoja akakisimamisha, herufi moja ya jina kwenye lebo hailingani na fomu, akakirudisha wodini mgonjwa atolewe damu upya. Kijana akamuuliza kwa herufi moja tu? Yule fundi akamjibu herufi moja ni mtu mwingine. Kijana ameandika maneno hayo kwenye daftari lake, nimeyaona, na wiki iliyofuata alikuja Jumamosi akaomba mtaala wa sayansi ya maabara akaukalia asubuhi nzima anauliza maswali ambayo hajawahi kuuliza kuhusu udaktari. Ameweka maabara chaguo la kwanza. Mzazi wake amenilaumu hadharani kwamba nimemshusha mtoto. Mzee wangu, kwa heshima zote, mtoto hajashuka. Alikuwa anaitaka heshima ya jina la daktari, sasa anaitaka kazi anayoijua inavyofanana, na hivo ni vitu viwili tofauti.

Nikiwa hapohapo niseme kuhusu mitaala, kwa sababu imesemwa pia kwamba tunawakatisha watoto tamaa. Jumamosi mtoto akija na jina la kozi hatumwambii nzuri wala mbaya, tunamfungulia masomo ya mwaka wa kwanza anayasoma kwa kidole mstari kwa mstari. Anayetaka sayansi ya kompyuta kwa sababu anapenda kutengeneza simu anakutana na kalkulasi, hisabati za mantiki, algoriti, anakaa kimya. Wengine wanaondoka na furaha zaidi, wengine wanagundua walichokuwa wanakitaka ni diploma ya ufundi wa vifaa, na ipo, na ina kazi. Anayetaka saikolojia ili aepuke hesabu anakutana na takwimu. Hakuna aliyekatishwa tamaa hapo, kilichofanyika ni kwamba ameambiwa ukweli kabla hajalipa ada.

Na ukweli mwingine ambao vipeperushi havisemi ni kwamba digrii nyingi sio mwisho wa safari. Mhasibu anayetaka kutambuliwa kwa njia ya ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, ana mitihani 13, mwenye digrii inayohusiana anaweza kusamehewa mpaka 9 lakini ile ya mwisho ataifanya, na juu yake kuna miezi 36 ya uzoefu wa kazi. Mwanasheria nchi nyingi akimaliza shahada bado ana mafunzo ya uwakili na mitihani yake. Mhandisi anayeota kufanya kazi nje aulize mapema kama digrii yake inaingia kwenye Mkataba wa Washington, ule wa 1989 wa kutambuliana shahada za uhandisi kati ya nchi wanachama, maana kubadilisha chuo ukiwa mwaka wa tatu ni maumivu. Haya ndo maswali ninayotaka kila mtoto wetu aende nayo chuoni: kozi imesajiliwa? bodi ya taaluma inaitambua? mafunzo kwa vitendo ni ya muda gani na nafasi anatafuta nani, chuo au mwanafunzi? waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi? Chuo kinachojiamini kitajibu.

Kuna pia lile la kipimo cha vipaji. Baadhi mlitaka tununue kile cha kulipia ambacho mtoto anajibu maswali anatolewa cheti chenye jina la kazi yake. Nilikataa na nina sababu. Vingi vya vipimo hivi vinatokana na mawazo ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeanza kuyachapisha 1959, kwamba watu na kazi tunaweza kuwapanga kwenye makundi sita, wa vitendo, wachunguzi, wasanii, wa kuhudumia watu, wa kuongoza biashara na wa kupanga kumbukumbu. Ni kitu kizuri cha kuanzishia mazungumzo. Lakini Wizara ya Kazi ya Marekani wanacho cha maswali 60, kinaitwa O*NET Interest Profiler, bure kwenye intaneti, tofauti ni kwamba maelezo ya kazi na mishahara ni ya kwao, na kiko Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo mshauri lazima akae na mtoto. Kwanini tulipe? Na hakuna kipimo kinachompa mtoto kazi, kinampa pa kuanzia kuuliza, mtoto akishakabidhiwa cheti kama hukumu ya mahakama anaacha kutafuta.

Sasa mahudhurio na ada, hapa naomba mnivumilie kwa sababu inauma. Wanachama 186, waliolipa ada yote ni 71, waliolipa nusu ni 38, ambao hawajalipa chochote ni 77. Sabini na saba! Na katika hao 77 wapo ambao watoto wao wamekaa kwenye meza ya ushauri kila Jumamosi na wamepelekwa sehemu za kazi, hatukumrudisha mtoto hata mmoja kwa sababu ya ada ya mzazi, na hatutamrudisha. Lakini karatasi zinachapishwa kwa hela, nauli za wanafunzi ni hela, na washauri wetu watano wanajitolea mpaka simu wanapiga kwa salio lao. Wanaolalamika zaidi kuhusu mfadhili tuliyemkataa nimewatafuta kwenye daftari la mweka hazina, wengi hawapo kwenye wale 71. Sisemi ili kumwaibisha mtu, nasema kwa sababu chama kinachojilipia chenyewe hakina haja ya kupigia magoti barua kama ile.

Mahudhurio nayo hivohivo. Usiku wa mazoezi ya usaili tulileta watu wanaoajiri kweli, wakakaa kwenye viti wanasubiri, wazazi waliowaleta watoto wakawa tisa. Mmoja wa waajiri aliniuliza kwa upole kama tangazo lilitoka. Lilitoka, na alama za kusomwa niliziona. Vijana waliokuja walifaidi mno, yule aliyeulizwa "tueleze kitu ulichokiharibu ukakirekebisha" akaanza kutoa jibu la kukariri, akasimamishwa, akarudia mara ya tatu ndo akaeleza jambo lake mwenyewe kwa sauti yake, kila mtu chumbani akakaa sawa kumsikiliza. Hicho huwezi kukipata kwa kusoma muhtasari kwenye simu.

Mwaka ujao tunatarajia mengi. Tunatarajia ziara za kwenda vyuoni kwenyewe, watoto waingie darasani wakae na wanafunzi, mazungumzo yameanza na yakikamilika mtajulishwa. Tunatarajia kuongeza sehemu za kazi, hasa kilimo, ujenzi na mambo ya umeme ambayo mwaka huu hatukuyapata. Tunatarajia pia walioko vyuoni wasisubiri mwaka wa mwisho ndo waanze kutafuta nafasi za mafunzo kwa vitendo, tutatafuta namna ya kuwafikia mapema. Siku ya Vyuo ikirudi, itarudi kwa masharti yetu: waje wanaofundisha, waje wanaosoma, na orodha ya wanafunzi wetu hatoki nayo mtu.

Mkutano mkuu utaitishwa upya, tarehe atatoa katibu, akidi ni wanachama 62, naomba tuifikishe. Wenye ada walipe kwa mweka hazina wapewe risiti, na wanaoweza kumpokea mwanafunzi mmoja kazini kwao hata siku mbili wanitafute mimi moja kwa moja. Uchaguzi wa viongozi ni siku hiyohiyo, majina ya wagombea yapelekwe kwa katibu kwa maandishi, langu nimeshalipeleka.

Mwenyekiti