Mche Haukufia Kitaluni, Umekufa kwa Mihogo

Wiki iliyopita, kitaluni kwetu tunakouza miche ya mikorosho, tumepigiwa tena simu ile ile: "Miche yenu mibovu, mmenila hela yangu." Safari hii ni mzee wa upande wa Newala, alichukua kwetu miche 56 ya mikorosho ya kubebesha (kitawi cha mti mwingine kimeunganishwa juu ya mche wa mbegu) kwa ekari mbili. Hatukubishana naye kwenye simu. Tukapanda bodaboda.

Tulikuta mihogo hatua moja kutoka kila mche, imeupita kimo. Mikorosho imerefuka myembamba kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, majani ya chini yamepukutika. Mzee akang'oa shina moja la muhogo atuonyeshe lilivyozaa. Likatoka na mizizi ya mkorosho imening'inia. Akanyamaza mwenyewe.

Hatusemi msichanganye mazao. Mkorosho wa kubebesha huanza kutoa kidogo mwaka wa 2 au wa 3, mavuno ya kueleweka ni baadaye, na palizi haisubiri. Wa kuilipa palizi hiyo ni karanga, njugu mawe, kunde au choroko. Shamba lenye zao utaliingia na jembe. Shamba tupu utalipita tu njiani, nyasi zikauke, moto wa kiangazi ukumalizie.

Ila pigeni hesabu. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari inabeba miche 28 hivi. Ukiacha duara la mita moja na nusu kutoka shina, kila mche, umeacha mita za mraba kama 200 katika ekari yenye 4,000 na ushee. Haifiki asilimia 5! Kipande hicho ndicho watu wanakibania, halafu msimu unaofuata wanarudi kununua miche ya kuzibia mapengo, nayo inabaki nyuma ya wenzake mwaka mzima.

Mbaazi ndiyo mnayotugombeza zaidi tukiwakataza kuichanganya na mikorosho, najua. Lakini mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, anaishi humo pia, na mkorosho ukichipua laini anahamia jirani. Dawa utanunua wewe.

Kuhusu bei: ndiyo, mche wetu ni ghali kuliko wa mbegu. Kikonyo, kile kitawi cha kuunganisha, tunakikata kwenye mti tunaoujua, na ambacho hakikushika tunakitupa, hatumuuzii mtu. Kila mteja tunamwambia aitoe ile nailoni tuliyofungia kiungo cha kikonyo na mche. Mmoja wa Masasi aliiacha miaka miwili, shina likajikaba, upepo ukaja kulivunjia pale pale. Naye alipiga simu.

Yule mzee tumempa miche 9 kwa nusu bei, si kwa kuwa tulikosea. Mihogo ataitoa kabla ya mvua za Desemba. Kamba ya kupimia karanga tumemwachia, ina fundo kwenye mita moja na nusu.