Kuhusu kupima kichocho Mtera

Dodoma

Rafiki yangu Neema,

Mbukwa! Umeuliza namna ya kupima kichocho kwenye kambi za wavuvi wa Bwawa la Mtera. Hadubini haitakusumbua, watakaokusumbua ni watu wasiokaa pamoja. Orodha ya kaya ya mtendaji wa kijiji iache, maana mvuvi aliyetoka Kanda ya Ziwa mwezi jana hayumo. Hesabu mitumbwi mwaloni, uliza kila mmoja una watu wangapi, kisha ongeza wachuuzi wa samaki na mama lishe. Nao huingia majini kuchota na kufua.

Swali lisiloachwa kwenye fomu ni hili: umefika lini, na kabla ya hapa ulikuwa wapi? Kichocho cha tumbo huchukua kama wiki 5 hadi 7 tangu vimelea vipenye ngozi hadi mayai yaonekane kwenye kinyesi. Cha mkojo huchelewa zaidi. Mwenye siku 14 Mtera akikutwa na mayai, amekuja nayo. Bila tarehe hiyo utalisingizia bwawa minyoo ya Ziwa Victoria.

Mkojo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Hapo ndipo mtakapogombana: anayekesha majini huwa amelala saa hizo. Elewana na mwenyekiti wa kambi, makopo yagawiwe jioni, kila mtu ajaze akiamka, mradi isipite saa 8. Tikisa kopo kabla ya kuvuta ml 10 kwa sirinji, kwani mayai hutuama chini na wavivu huchota maji ya juu. Chuja na usome siku hiyohiyo. Yai lenye mwiba mwishoni ni la kichocho cha mkojo. Lenye mwiba ubavuni, cha tumbo.

Kinyesi kipimwe kwa Kato-Katz, yaani kinyesi kilichopimwa kwa kibao chenye tundu hupakwa kwenye slaidi na kufunikwa kwa karatasi laini iliyolowekwa gliserini: kibao cha mg 41.7, idadi ya mayai zidisha kwa 24 upate mayai kwa gramu. Kwa kichocho cha tumbo, 400 na kuendelea ni maambukizi makali. Ukitafuta na minyoo ya safura, soma slaidi ndani ya dakika 30 hadi 60, baada ya hapo gliserini huyafuta mayai yake. Kinyesi cha kuhara hakifai kwa kipimo hiki.

Dawa ya kichocho, praziquantel, ni mg 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 anameza vidonge 4 vya mg 600, akiwa ameshakula. Dawa hii haiui minyoo michanga, kwa hiyo anayekutwa tena na mayai baada ya wiki kadhaa usikimbilie kusema usugu. Kumpata tena ndiyo kazi. Laini yake ya simu hubadilika kila mara, basi chukua pia namba ya mwenye mtumbwi, na mpe kadi yenye tarehe, dozi na jina la mwalo ili zahanati ya aendako isianze upya.

Namba ya mtu iandike kwenye kopo lenyewe. Vifuniko hubadilishana.

Wako,
Amani