Mzee wa Besi, diski yako imepatikana

Manchester, Jumapili usiku

Kwako Mzee wa Besi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyokuwa tukiandika enzi za stempu. Nisalimie shemeji na watoto, na vijana wote wa matarumbeta pale usharikani, hata yule anayeanza kupuliza kabla mwalimu hajanyanyua mkono.

Sasa nije kwenye deni. Uliniambia diski yako inaruka-ruka ikifika sehemu ya pili, kwamba bando halitoshi kusikiliza kwa simu, na kwamba redio ya gari lako bado inasoma CD. Ukaniagiza: nitafutie Dvořák, yule mtunzi wa Bohemia (Ucheki ya leo), simfonia namba 5, utunzi wake wa okestra wenye sehemu nne, ile tuliyoisikia kwenye santuri sebuleni kwa mchungaji. Nikaona kazi yenyewe ni ya nusu saa. Kumbe!

Nilianzia kwenye mitumba. Ndiyo, huku nako kuna mitumba, tena daraja la kwanza. Mashirika ya misaada yana maduka mitaani, watu wanapeleka nguo, vikombe na vitabu vya marehemu wao, na ukienda kona ya nyuma, rafu ya chini kabisa, utakuta CD. Pauni moja, pengine chini ya hapo. Nikapiga magoti kama niko ibadani. Nikakuta Dvořák, nikaona namba 5, nikalipa bila hata kugeuza kasha. Nyumbani nikachemsha chai, nikabonyeza, nikangoja ule mwanzo wa selo zinazonong'ona. Zikanijia klarineti mbili zinacheka kama watoto waliofunga shule.

Nilidhani wamekosea kiwandani. Niliyekosea ni mimi, na wewe pia, na ile santuri ya mchungaji haina hatia. Dvořák aliandika simfonia tisa, lakini hadi anafariki mwaka 1904 zilikuwa zimechapishwa tano tu, na zilipewa namba kwa kufuata uchapishaji. Hii yetu, ya mwaka 1893, ikawa ya 5. Ile ya klarineti, ambayo leo ndiyo 5, wakati huo iliitwa 3. Ya kwanza kabisa aliipeleka kwenye mashindano Ujerumani akiwa kijana, haikurudishwa, na ilionekana miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Ilipofika miaka ya 1950 ndipo hesabu mpya ikaanza kushika, yetu ikawa 9. Kwa hiyo ukikutana na santuri ya zamani imeandikwa 5, usiitupe, na ukikutana na CD imeandikwa 5, usiinunue kabla hujaona Opus 95, yaani namba ya utunzi wenyewe. Namba ya opus haijabadilika.

Basi nikawa najua jina. Shida ya pili ndiyo ilinila wiki sita: ni ipi? Simfonia hii wameirekodi watu wengi mno. Jalada la santuri ile silikumbuki, nawe hulikumbuki, mchungaji hayupo tena wa kumuuliza. Nikaamua: nitazisikiliza nitakazozipata, nikutumie moja ambayo nikiulizwa mbele ya wazee naweza kuitetea. Nyingine nilinunua, nyingine nikaazima. Jumamosi usiku nakaa jikoni na visikizi masikioni, naweka sehemu ya pili tu, ile Largo, moja baada ya nyingine. Wapangaji wenzangu wananiona nimerogwa.

Unajua kwa nini Largo. Mi so so, mi re do, re mi so mi re. Mstari huo wa kwanza hauna fa wala ti, ndiyo maana sisi tuliokulia kwenye sol-fa tuliushika siku ile ile. Watu wengi wanadhani ni wimbo wa zamani wa Wamarekani Weusi. Hapana, ni wa Dvořák mwenyewe, na maneno unayosikia watu wakiuimbia yaliwekwa na mwanafunzi wake, William Arms Fisher, mwaka 1922. Lakini kudhani hivyo hakukutoka hewani. Dvořák alipokuwa mkuu wa chuo cha muziki New York, palikuwa na mwanafunzi Mweusi, Harry Burleigh, aliyekuwa akimwimbia nyimbo za watumwa alizojifunza kwa babu yake, mzee kipofu aliyewahi kuwa mtumwa. Mzee wa Bohemia anakaa, anasikiliza, anamwambia rudia. Hiyo picha naipenda kuliko muziki wenyewe, siku nyingine.

Sasa rekodi. Naanza na ugomvi wetu: Bernstein, mwongozaji wa okestra. Najua wewe unaitaka ile ya 1986 akiwa na okestra ya Israel, uliyosikilizishwa na yule Mjerumani wa hospitali, ukaniambia umelia. Nimeisikiliza mara tatu. Waongozaji wengi (nikisema kondakta utafikiria daladala) huimaliza Largo kwa dakika 11 hadi 13. Yeye anakwenda zaidi ya 18. Mzee, wewe ni mpuliziaji. Hebu fikiria yule wa kor angle, ile ala ya ukoo wa obo inayobeba wimbo, unampa sentensi ya pumzi moja unaivuta mpaka inataka pumzi moja na nusu. Mimi simsikii tena anayeimba, namsikia anayehesabu hewa iliyobaki. Kuna uzuri ndani yake, sikatai, kama mtu anayetazama picha ya nyumbani asitake kuiweka chini. Ila sisi tumezika watu wengi na matarumbeta yetu, na hata kwenye mteremko wa makaburini jeneza linatembea. Bernstein huyo huyo mwaka 1962, na New York Philharmonic, okestra iliyoipiga simfonia hii kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa Carnegie Hall Desemba 1893, ni mtu mwingine kabisa: sehemu ya tatu inakwenda mbio hadi unashika meza. Hiyo ningekutumia. Sikuipata kwa bei ya mitumba.

Mwongozaji mwingine, Kertész, nusura anitie hasara ya pili. Alirekodi simfonia hii mara mbili kwa Decca, mwaka 1961 na Vienna Philharmonic, na mwaka 1966 na London Symphony alipokuwa akirekodi zote tisa. Jina lile lile, kampuni ile ile, na makasha mengine yana picha za milima zisizokusaidia kitu. Soma jina la okestra kwa nyuma. Ile ya Vienna ina moto wa kijana, matarumbeta yanauma. Alifariki mwaka 1973, alizama akiogelea baharini Israel, ana miaka 43. Kila nikiisikia sehemu ya mwisho namkumbuka hivyo, na sijui kama namtendea haki.

Kubelík na Berlin Philharmonic, 1972, ndiyo rahisi kuipata, nyingi zimeunganishwa na simfonia ya 8 kwenye diski moja. Ni nzuri, imenyooka, sina neno. Sina neno kabisa, na hiyo ndiyo shida yangu nayo.

Halafu Ančerl. Karel Ančerl, Czech Philharmonic, Prague, 1961. Ukumbi ni Rudolfinum, ambako okestra hiyo ilipiga tamasha lake la kwanza Januari 1896, na aliyesimama mbele siku hiyo ni Dvořák mwenyewe. Ančerl Wanazi walimpeleka kambi ya Terezín, kisha kambi ya mauaji ya Auschwitz. Yeye alitoka. Mkewe na mtoto wao hawakutoka. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijabonyeza, nikajiandaa kwa kilio. Sikukipata. Anaipiga Largo kama mtu anayekusimulia jambo lake bila kukutazama usoni, tena kwa mwendo wa kutembea. Karibu na mwisho, pale fidla chache zinapobaki peke yao na wimbo unakatika, unanyamaza, unakatika tena, wengi wanaziremba zile kimya. Yeye anaacha tu. Nilivua visikizi nikakaa gizani muda mrefu, mwenzangu mmoja akaja kuuliza kama nimepata habari mbaya nyumbani.

Kwangu mimi ndiyo ya kwanza. Lakini hiyo sikutumii, kwa sababu niliyonayo ni ya kuazima, na kwa sababu nyingine ambayo ni wewe.

Kaa vizuri. Unajua tuba, chuma chako kile cha besi, inapiga noti ngapi katika simfonia nzima? Hazifiki ishirini. Zote ziko kwenye Largo: ile milio mizito ya mwanzo kabla wimbo haujaingia, na pale inaporudi. Sehemu ya kwanza, ya tatu na ya nne mtu wa tuba amekaa na chuma chake mapajani anatazama wenzake. (Ana mwenzake wa kumfariji: yule wa matoazi, anayegonga mara moja tu katika sehemu ya mwisho, tena kwa upole, wala hutamsikia usipoambiwa.) Na nilipokuwa nasikiliza zile noti za mwanzo, kwenye rekodi nyingi tuba imemezwa na tromboni ya besi. Unajua ipo kama unavyojua msingi wa nyumba upo.

Isipokuwa kwa Fritz Reiner, Chicago Symphony, 1957. Pale sakafu inaonekana. Mtu wa tuba wa okestra hiyo tangu 1944 hadi 1988 alikuwa Arnold Jacobs, na alikuwa na mapafu mabovu. Hewa yake ilikuwa pungufu kuliko ya mtu wa kawaida, akaisoma pumzi kama fundi anavyosoma injini, mpaka wapuliziaji wa nchi nyingine wakawa wanamfuata awafundishe kupumua. Nikakukumbuka wewe na pumu yako, na mwalimu wa kwaya aliyetaka kukuhamishia ngoma. Hiyo ndiyo niliyokununulia. Largo yake si ya Ančerl, ina ung'aavu kidogo wa Kimarekani, kama sebule iliyopigwa polishi. Utaizoea.

Diski nimeikagua. Nimeinyanyua kwenye taa, haina matundu. Nimetazama upande wa maandishi, maana watu wanaogopa mikwaruzo ya chini na kumbe tabaka la muziki liko juu, karibu na maandishi, na ukikwaruza huko umekwisha. Nyingine mbili nilizikataa kwa sababu zimegeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, ugonjwa wa CD kadhaa za mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea. Na hiyo ya zamani usiitupe kwanza. Chukua kitambaa laini chenye unyevu, futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kama unavyosugua sufuria, mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoishinda mashine. Inaweza kupona. Ukiona jina la mwongozaji chini ya kile kibandiko cha bei, niandikie.

Mzigo anakuja nao yule dada aliyekuletea viatu mwaka juzi, anakuja harusini. Mpokee stendi, usimwache kwenye jua.

Ukishaiweka, nenda moja kwa moja namba 2, zima injini, pandisha vioo. Zile noti za mwanzo kabisa. Niambie kama unamsikia Jacobs, au ni mimi nimejitakia.

Wako wa siku zote,
Tarumbeta ya Pili

Nyongeza: ile namba 5 niliyonunua kwa makosa sikuirudisha. Naiweka asubuhi nikipika uji.