Mkutano wa Jumamosi: lile eneo la betri

Asalaam aleikum, habari za jioni ndugu zangu.

Tangu juzi naulizwa kama ni kweli wale wanaotaka kuweka kituo cha kuhifadhi umeme hapa kijijini wanaleta "betri za simu". Hapana jamani. Ni makontena yaliyojaa betri kubwa za lithiamu: zinachajiwa umeme ukiwa mwingi, zinautoa watu wanapowasha taa jioni. Hazina moshi wa jenereta, ila feni za kuzipooza zinavuma.

Hofu ya moto si ya kijinga. Januari 2025 kituo cha betri kama hizi cha Moss Landing, California, kiliungua, watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. Tena moto wa lithiamu unaweza kulipuka upya ukidhani umeshazimika. Zile zilikuwa ndani ya jengo. Makontena ya siku hizi hupangwa nje kwa kuachiana nafasi. Basi tuwaulize: betri za aina gani, umbali gani hadi nyumba ya mwisho na mikorosho yetu, maji ya kuzimia yatoke wapi? Kisima chetu mnakijua.

Kuhusu ardhi: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 kunaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, si mtu mmoja na muhuri wake. Ukiletewa karatasi nyumbani, usisaini.

Tukutane saa 9 alasiri, ofisi ya kijiji. Kina mama mje, mara iliyopita tulisema wanaume watupu. Wazee wasio na simu, jirani awapitie.