Kufuli za kidijitali: abanwe mwizi, msomaji aachwe

Mhariri,

Nimesoma barua za wasomaji wenzangu wanaotaka sheria iwabane zaidi watu wanaovunja kufuli za kidijitali, yaani vizuizi vya kiprogramu vinavyomzuia mtu kufungua au kunakili kazi, kwenye vitabu, filamu na programu. Hasira zao nazielewa. Msanii anayeikuta kazi yake imezagaa bure kabla hajaonja mrabaha wa kwanza ana kila sababu ya kulalamika. Ila barua hizo zimechanganya mambo mawili. Kunakili kazi ya mtu bila idhini kumekuwa kosa tangu zamani. Kufungua kufuli kumefanywa kosa la peke yake, na mtu anaweza kutiwa hatiani hata kama hakuiba chochote.

Kosa hili la pili bado ni changa. Mkataba wa Hakimiliki wa 1996 wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) ulizitaka nchi zilinde kufuli zinazozuia matendo ambayo mwandishi hakuyaridhia wala sheria haikuyaruhusu. Hapo sina ugomvi. Marekani ikavuka mpaka huo. Sheria yake ya 1998 iitwayo DMCA, kifungu cha 1201, inakataza kuikwepa kufuli inayomzuia mtu kuifikia kazi, na inakataza pia kutengeneza, kuuza au kugawa zana za kuikwepa. Anayefanya hivyo kwa makusudi ili apate faida anaweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini ya hadi dola 500,000, na hiyo ni kwa kosa la kwanza tu.

Matumizi yake yalianza kwenda kombo mapema. Julai 2001 Dmitry Sklyarov, mtaalamu wa programu kutoka Urusi, alikamatwa Las Vegas alikokwenda kutoa mada, kwa sababu ya programu ya kampuni yake ya kuondoa kufuli kwenye vitabu vya kielektroniki. Desemba 2002 kampuni hiyo, ElcomSoft, ikaonekana haina hatia. Lexmark, kampuni ya printa, nayo iliitumia sheria hiyohiyo dhidi ya waliotengeneza chipu za katriji za wino wa unga, na Chamberlain, kampuni ya vifungua milango ya gereji, dhidi ya waliouza rimoti za milango hiyo. Rimoti ya gereji, jamani! Mahakama za rufani zilizikatalia kampuni zote mbili mwaka 2004, lakini kabla ya kufika huko mshindani mdogo ameshamaliza fedha kwa mawakili.

Mimi ni mkutubi, na linaloniuma zaidi ni la wasomaji wasioona. Kisoma skrini huyachukua maandishi yaliyomo kwenye faili na kuyatamka. Faili likifungwa kiasi kwamba maandishi hayatoki nje ya programu ya mchapishaji, msomaji husikia jina la dirisha, kitufe cha kurudi nyuma, pengine namba ya ukurasa, kisha kimya. Kitabu kakilipia kama mwingine yeyote.

Marekani imekuwa ikitoa msamaha kwa ajili ya vitabu vya namna hiyo tangu 2003. Tatizo ni kwamba misamaha ya kifungu cha 1201 hudumu miaka mitatu, halafu lazima ihuishwe. Mwaka 2010 Msajili wa Hakimiliki alishauri msamaha huu usitolewe kwa kuwa ushahidi uliopelekwa haukumtosha. Uliokolewa na Mkutubi wa Bunge, mwenye kauli ya mwisho juu ya misamaha hiyo, aliyeamua kutoufuata ushauri huo. Haki ya mtu kusoma kitabu alichonunua ilining'inia kwenye uamuzi wa ofisa mmoja.

Na hata msamaha ukipatikana, una tundu kubwa ambalo watetezi wa kufuli huwa hawalitaji. Unahusu tendo la kufungua peke yake, zana hauzigusi. Asiyeona anaruhusiwa kuikwepa kufuli, lakini anayemuuzia au kumgawia programu ya kuikwepa bado yumo hatarini. Ni kama kumpa mtu kibali cha kuvua huku umepiga marufuku nyavu na ndoana. Yaliyowapata wenye matrekta huko Marekani ni hayohayo: mwaka 2015 waliruhusiwa kufungua programu za mitambo yao ili waitengeneze, mwaka 2018 ruhusa ikawafikia mafundi, lakini zana ya kuuzwa kwa ajili ya kazi hiyo haikuhalalishwa. Fundi wa trekta ataanzia wapi kuandika msimbo wake mwenyewe?

Kuna wanaodai kwamba kulegeza kidogo ni kuwafungulia mlango maharamia. Nyuzilandi ilichagua njia nyingine katika marekebisho yake ya 2008. Huko sheria imeelekezwa kwa wanaosambaza zana wakijua zitatumika kuvunja hakimiliki, na mtu mwenye haki ya kuitumia kazi akikwama kwenye kufuli anaweza kumwomba mkutubi anayetambuliwa na sheria amsaidie kuifungua. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 nao unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe kwamba ulinzi wa kufuli haumnyimi asiyeona haki aliyopewa na sheria.

Kwa hiyo nawaomba wanaotaka sheria kali zaidi waongeze maneno machache tu kwenye madai yao: kukwepa kufuli kuwe kosa pale tu kunapofanywa ili kuvunja hakimiliki au kuwezesha uvunjaji huo. Mahakama iliyoamua kesi ya rimoti ilikaribia msimamo huo, lakini mwaka 2010 mahakama nyingine ya rufani ya Marekani, katika kesi ya kampuni za programu MDY na Blizzard, ikaukataa, na muswada wa mbunge Zoe Lofgren wa 2013 uliotaka kumaliza utata huo haukupita. Anayeuza filamu za wizi angebanwa na maneno hayo vilevile. Ambao wangepona ni msomaji wangu na fundi wa trekta.

Wako,
Mkutubi