Boti ya mtoni ichaguliwe kwa makasia

Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala yenu kuhusu kuchagua boti ya pontuni ya kuvulia mtoni kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Asiyeijua boti hii asifikirie pantoni ya kuvusha magari. Hii ni ya mtu mmoja: maboya mawili marefu ya kujazwa upepo, fremu ya chuma au alumini katikati, kiti juu yake na makasia mawili. Nashukuru gazeti limeukumbuka uvuvi wetu. Ila mwandishi amezieleza rangi, mifuko ya vikorokoro na hata pa kuwekea kikombe, halafu makasia akayapa sentensi moja. Na kuhusu nanga ameshauri jambo linaloweza kumzamisha mtu. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Mimi ni seremala, na mitoni nimevua miaka 19. Boti yangu ya kwanza niliipendea wepesi. Ilikuwa na urefu wa mita 2.4, na makasia yake ya vipande viwili hayakufika hata mita 1.6. Siku ya tatu niliuona mti ulioangukia mtoni, uko kama mita 60 mbele yangu. Nikageuza boti, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Kasia la kulia likajizungusha kwenye kiungo chake, bapa likapita majini kama kisu badala ya kuyashika maji. Boti ikafuata mkondo moja kwa moja kuelekea kwenye matawi. Mti wa namna hiyo ni chujio: maji yanapita, mtu anabaki. Niliokoka kwa sababu pale kina kilikuwa cha magoti. Niliruka kabla ya kuufikia, nikaivuta boti hadi kando. Mikono ilinitetemeka kwa muda mrefu.

Tangu siku ile, boti yoyote nikipelekwa kuitazama naanza na makasia. Mtoni tunakaa tukitazama tunakoelekea. Hatari ikitokea, unaielekezea omo, yaani mbele ya boti, kwa mshazari, kama nyuzi 45 na mkondo, kisha unavuta makasia kuiacha. Mwili una nguvu zaidi ukivuta kuliko ukisukuma, na ukivuta unakwenda polepole kuliko maji, kwa hiyo unapata nafasi ya kufikiri. Sasa kasia fupi litafanya nini hapo? Bapa linagusa maji kidogo tu na mikono inachoka mapema. Boti yangu ya sasa ina mita 2.7 na makasia ya mita 2.1, nami nisingekubali yaliyo mafupi zaidi. Kama ni ya vipande, shika kiungo ukizungushe kwa nguvu. Kikicheza hata kidogo, iache boti hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo anayevua kwa ufito peke yake anapaswa kulipima. Ili urushe mshipi, lazima uyaachie makasia. Je, yatabaki mahali pake, au yatateleza kwenye vishwara, yaani vishikio vyake kwenye fremu, na kwenda na maji? Kaa kitini, yaachie, yumba kidogo, uangalie. Kisha pitisha mkono juu ya fremu yote. Kila kichwa cha skrubu kinachochomoza kitaukamata mshipi wako, tena wakati ule ule samaki mkubwa anapokimbia. Mimi vyangu nilivikata na kuvipiga tupa mwenyewe.

Kuhusu maboya, makala inasifu urefu. Unene una maana kubwa zaidi. Boya lenye kipenyo cha sentimita 45 lina ujazo unaozidi lile la sentimita 35 kwa karibu theluthi mbili, urefu ukiwa sawa. Mimi nina kilo 94. Ukijumlisha viatu, suruali ya kuzuia maji, nanga na mkoba, mzigo unavuka kilo 110. Boti ikizama sana inakuwa nzito kugeuza na inapapasa mawe. Kwa hiyo uzito ulioandikwa na mtengenezaji sijazi wote, naishia robo tatu. Tena ncha za maboya ziwe zimepinda kwenda juu. Ziwani maboya yaliyonyooka yanakwenda vizuri, lakini mtoni ncha zilizoinuka ndizo zinazogeuka upesi na kupanda wimbi.

Upepo wenyewe nao una tabia zake. Ukijaza juani halafu ukaingia maji baridi, boya linalegea. Ukiitoa boti majini na kuiacha juani ikiwa imejaa, linakazana hadi mshono unalia. Nasubiri dakika 10 ndani ya maji, naongeza pampu kidogo, na nikipumzika kando natoa kidogo.

Sasa nanga. Mwandishi anashauri kuifunga ubavuni, karibu na mkono. Tafadhali wasomaji, msifanye hivyo mtoni. Nanga ikishika ikiwa ubavuni, mkondo unaigeuza boti ikae kwa kuukingama, maji yanalikandamiza boya la upande ule, na boti inapinduka kabla hujajua kamba iko wapi. Nanga ikae katikati ya tezi, yaani nyuma ya boti, ili boti itulie ikiwa imenyooka na mkondo, kamba iweze kuachiwa kwa mvuto mmoja, na kisu kiwe kifuani juu ya jaketi la kuokolea. Hata hivyo mimi naitupa kwenye maji yanayokwenda polepole tu. Kwenye maji ya kasi naegesha kando, nashuka, navua nikiwa nimesimama. Samaki wengi nimewapata hivyo, boti ikiwa imenifikisha tu mahali ambapo miguu isingefika.

Naomba sentensi ile ya nanga irekebishwe katika toleo lijalo, ukurasa ule ule ilipochapishwa, kwa herufi zinazoonekana. Kuna mtu ameikata makala ile na kuiweka kwenye mkoba wake wa ndoana.

Wenu,
Seremala mvuvi