Utamu wa mvinyo huu hauwekwi kwa kijiko

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya vinywaji mliyoichapa hivi karibuni, ambamo mwandishi aliuita mvinyo mweupe mtamu "juisi ya wanaoanza" na kuwashauri wenye hoteli wa pwani wasijisumbue kuuweka. Nimehudumu mezani katika hoteli za watalii hapa Bagamoyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Sina nia ya kumshawishi anywe mtu ambaye dini au afya yake inamkataza. Ila kitu kikihukumiwa, kihukumiwe kwa jinsi kilivyo.

Chukua mvinyo wa Sauternes, kusini-mashariki mwa mji wa Bordeaux, Ufaransa. Huko mto Ciron wenye maji baridi huingia katika mto Garonne ambao maji yake yana uvuguvugu zaidi, na asubuhi za majira ya vuli ukungu hutanda juu ya mizabibu. Kiswahili kimetupa bahati hapa, kwa maana ukungu huo wa hewani ndio unaoleta ukungu wa pili, jamaa ya ule tunaouona juu ya mkate uliolala, ambao wataalamu huuita Botrytis cinerea. Ukungu huo hutoboa ganda la zabibu, jua la mchana likakausha maji, na tunda likanywea hadi mtu asiyejua angelitupa jaani, kumbe sukari na uchachu vimejikusanya ndani yake. Wachumaji hupita shambani mara kadhaa, wakitwaa zilizokuwa tayari na kuziacha nyingine zingoje. Katika shamba la Château d'Yquem, ambalo mwaka 1855 liliwekwa peke yake katika daraja la juu kabisa la mvinyo mtamu wa eneo hilo, husemwa kwamba mzabibu mmoja hutoa glasi moja tu. Na mavuno ya mwaka 2012 yalipokosa kufikia kiwango, wenye shamba hawakutoa hata chupa moja ya mvinyo huo. Sijui ni juisi gani hutengenezwa namna hiyo.

Neno "mtamu" ndilo linalopotosha. Lita moja ya mvinyo huo huwa na sukari inayozidi gramu 100, kiasi kisichopungua sana cha soda, lakini haukinaishi, kwa sababu uchachu umesimama bega kwa bega na utamu. Sisi wa pwani tungepaswa kulielewa jambo hili kabla ya wengine, kwani nani kati yetu huletewa halua asiulize kahawa chungu iko wapi? Mvinyo huu ni halua iliyokuja na kahawa yake ndani ya glasi moja.

Nakiri kwamba hata mimi nilijifunza kwa aibu. Mgeni mmoja mzee aliagiza nusu chupa, nami kwa kujiona mjuzi nikampelekea pamoja na kipande cha keki iliyomiminiwa karameli. Alionja, akakunja uso, kisha akanipa nami nionje: baada ya keki ile, mvinyo ulikuwa mkali kama maji ya ndimu. Akaomba korosho za chumvi. Nikatafuna mbili, nikaonja tena, na safari hii nikapata asali, ganda la chungwa na kitu kama embe bivu, vikifuatana polepole hata baada ya kumeza. Tangu siku hiyo sikuupeleka tena mezani pamoja na kitu kinachouzidi utamu. Wafaransa huunywa kwa jibini ya Roquefort, ambayo nayo, kwa mzaha wa Mungu, ni kazi ya ukungu.

Kuhusu gharama, ambayo nadhani ndiyo iliyomtia hofu mwandishi wenu, ni kweli kwamba chupa ni ghali. Lakini nyingi huja katika ujazo wa mililita 375, humiminwa kidogo kidogo katika glasi ndogo, ukiwa wa baridi bila kugandisha ulimi, na chupa iliyofunguliwa ikirudishiwa kizibo na kuwekwa kwenye friji hukaa siku kadhaa bila kuharibika, jambo ambalo mvinyo mwekundu wa kawaida, uliojaa makabati ya hoteli zetu na kuchemka kwa joto la Februari, hauwezi.

Mhudumu mstaafu,
Bagamoyo